Chumvi ya Mama Mkwe

Mikate ilirudi mchana wa Jumatano, na haikurudi peke yake. Ilirudi na mwenye duka, naye mwenye duka alirudi na maneno. Alilitua kapu juu ya meza ya kukandia, akafunua kitambaa, akakata kipande na kumsogezea Mama Mikate mpaka karibu na pua.

"Onja."

"Nimefunga," alisema Mama Mikate. "Kanisa zima tumefunga mpaka Ijumaa jioni."

"Basi nitakuonjea mimi. Mkate hauna chumvi. Sisemi imepungua, nasema haimo. Wateja wananiuliza tangu lini nauza chakula cha hospitali."

Mama Mikate aligeuka nyuma kidogo. Kule uani mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa, alikuwa akipanga kuni huku akiimba pambio, mgongo wima, sauti safi. Ungemwona ungeapa kwamba mwanamke yule atatuzika sote.

"Ni mimi," alisema Mama Mikate haraka haraka, kwa sauti ya chini. "Nimepitiwa. Unajua tena, mawazo ya harusi."

"Harusi njema. Lakini na mimi nikipitiwa kukulipa, utanielewa?"

Mwenye duka alicheka, kwa hiyo ikabidi naye acheke. Kapu lilibaki pale mezani limejaa, mwenyewe akaondoka akipangusa viganja. Mama Mikate alilifunika upesi kabla Bi Mkubwa hajaingia na kuuliza kwa nini mikate haijauzwa. Uongo ulikuwa umempita mdomoni bila hata kugusa meno, na hilo ndilo lililomtisha.

Katika nyumba ile chumvi ilikuwa na mwenyewe. Mama Mikate alipoolewa pale alikabidhiwa beseni la kukandia, kisha tanuri, kisha wateja, kisha hata ufunguo wa stoo ya unga. Chumvi hakukabidhiwa. Donge likishakandwa mara ya kwanza, Bi Mkubwa alikuja na mikono iliyonawa, akatupia chumvi kwa kiganja, bila kijiko wala kipimo, akakunja na kukandamiza, halafu akanyofoa kidonge kidogo kama punje ya harage, akakilamba na kusema, "Amina." Bila amina hiyo donge halikwenda popote. Mume wa Mama Mikate alifariki, mambo mengi yakabadilika, wajane wawili wakabaki wakitazamana juu ya beseni moja, lakini chumvi ilibaki kwa mwenyewe, na mkate wao ulisifiwa kwa hiyo.

Kwa miezi sasa Bi Mkubwa alikuwa akisahau. Siku nyingine alilijia donge mara mbili. Siku nyingine hakuja kabisa, akajikalia uani akiamini kwamba ameshakuja. Mama Mikate hakusema neno. Alingoja mgongo ugeuke, akaonja donge, akalirekebisha, na mkate ukatoka kama kawaida. Ulimi wake ndio uliokuwa ukiificha siri ile, na sasa mfungo ulikuwa umeufunga ulimi.

Utauliza, siri ya nini? Mzee kusahau si aibu. Ni kweli, lakini kulikuwa na Matofali.

Matofali alikuwa fundi wa matanuri, mwanamume mpana mwenye vumbi jekundu kwenye nyusi, mwimba besi wa kwaya ya kanisa. Aliitwa kuziba ufa juu ya tanuri, ufa wa upana wa kidole, na akauuguza wiki nzima. Kila jioni aliukagua, kila jioni akapewa ncha ya mkate wa moto, na kila jioni akapata sababu ya kurudi kesho yake. Aliyechoka ni Bi Mkubwa. "Fundi," alimwambia siku moja, "ufa umepona. Ugonjwa uliobaki ni wako. Nenda kamwambie mchungaji." Ndivyo uchumba ulivyoanza, na aliyeufungulia mlango ni mama wa marehemu mwenyewe.

Mama Mikate alitoa sharti moja tu. "Nakuja na mama yangu," alisema, wala hakusema mama mkwe. Matofali alicheka kwa furaha. "Bi Mkubwa? Aje! Yule anainua gunia kunishinda mimi." Siku ile neno hilo lilimlainisha moyo. Sasa lilikuwa likimnyima usingizi, kwa sababu Matofali alikuwa amemkubali mzee anayeinua magunia, na mzee huyo alikuwa akiyoyoma. Dada yake Matofali, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, alikuwa ameshasema mbele ya watu: "Ndugu yangu anaoa mjane, anaoa na mama mkwe wake. Bado paka."

Na Mama Mikate alimpenda Matofali. Tuseme wazi, maana yeye mwenyewe aliona haya kulisema. Alimpenda kwa namna aliyodhani imeshazikwa pamoja na mumewe, na aliogopa kumpoteza kiasi kwamba hata maombi yake yalikuwa yamepinda. Jumapili ndoa yao ingetangazwa kanisani kwa mara ya kwanza. Watu wengine walifunga wapate kazi au watoto. Yeye alifunga na kuomba, "Bwana, mtulizie Mama akili mpaka tangazo la tatu lipite." Alijua ni ombi la namna gani, ndiyo maana aliliomba akitazama chini.

* * *

Miaka yote kanisa lilifungua mfungo kwa mikate ya kiwandani, laini, isiyo na kosa wala ladha. Safari hii mchungaji alitaka mkate uliokandwa na muumini, akamwomba Mama Mikate. Mwenyekiti aliguna. "Tutaona," alisema, na neno "tutaona" kinywani mwake halikuwa na heri.

Ijumaa Mama Mikate alikanda tangu asubuhi, tumbo likinguruma, jicho moja kwenye donge na la pili kwa Bi Mkubwa. Alikusudia amwone kwa macho yake akitia chumvi, yaishe. Lakini mleta kuni alipiga hodi, na mleta kuni yule ni mtu wa kusimamiwa, ukimwacha anakushushia majani. Aliporudi donge lilikuwa na alama za vidole. Zilikuwa zake mwenyewe? Au za Bi Mkubwa, aliyekuwa amesimama pembeni akifuta mikono?

"Mama, tuendelee?"

"Tuendelee na nini?"

"Na donge."

"Mbona unaniuliza kama umekuja jana? Fanya kazi yako, mwanangu."

Hilo halikuwa jibu. Kumwuliza waziwazi, umetia au hukutia, kungekuwa kumvua nguo. Mama Mikate alinyofoa kidonge, akakileta mpaka kwenye midomo. Angeweza kulamba na kutema, nani angemwona? Lakini aliweka nadhiri kwa ajili ya mwanamke huyu huyu, na aliogopa kwamba akiivunja hata kwa ncha ya ulimi, ombi lote litakwenda bure. Alikirudisha kidonge mahali pake. "Bwana," alisema moyoni, "wewe unajua imo au haimo." Bwana alijua, na hakusema. Basi akawaza lile kapu la Jumatano, akachota chumvi, akaitia yeye.

Sisi tunaoona pande zote tunaweza kusema: ilikuwa imo. Na Mama Mikate alipozunguka nyuma kukokoa majivu, Bi Mkubwa alinawa mikono vizuri, akalijia donge kama alivyolijia maisha yake yote, akatupia kiganja chake, akanyofoa kidonge, akakumbuka kwamba amefunga, akakibandika tena. Mfungo aliukumbuka. "Amina," alisema.

Donge lilikuwa zito, likachelewa kuumuka. Mama Mikate alilaumu baridi.

* * *

Jioni ile ukumbi wa kanisa ulijaa watu wenye midomo mikavu. Mchungaji aliomba kwa kirefu, watu wakaitikia amina ya njaa, visu vikaingia kwenye mikate. Mama Mikate alisimama karibu na meza, mikono ndani ya aproni, akitazama nyuso. Nyuso ziling'ata, zikasita, zikatazamana. Kisha watu wote kwa pamoja wakakumbuka chai. Mabirika yaliisha haraka. Mzee mmoja wa kanisa aliuliza kwa upole kama maji yapo.

"Tumshukuru Mungu," alisema mchungaji, akitafuta neno, "kwa... kwa chai."

"Harusi imempanda kichwani mwenzetu," mwanakwaya mmoja alinong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Naona na jikoni imepita."

Matofali, ambaye hakuzaliwa na kipaji cha kunong'ona, aliinua kipande chake juu. "Mama Mikate! Leo umetulisha bahari!"

Ukumbi ukapasuka kicheko, maana sasa kila mtu aliruhusiwa kuweka kipande chake chini. Mama Mikate naye akacheka, masikio yakimwaka moto. "Nisameheni, jamani. Njaa ilinipofusha, nimezidisha." Ule ulikuwa uongo mwingine, na huu aliusema ndani ya nyumba ya Mungu. Bi Mkubwa alikula kipande chake mpaka mwisho, akanyoosha mkono kuchukua kingine.

"Mkate mzuri," alimwambia aliyeketi naye. "Watu wa siku hizi hawajui mkate."

Mwenyekiti alikuwa akimtazama. Peke yake katika ukumbi mzima hakuwa akicheka.

Walikutana kwenye karo nyuma ya ukumbi, Mama Mikate akiosha sahani, Mwenyekiti akizifuta. Mwenyekiti alifuta sahani moja kwa muda mrefu mno.

"Nani alitia chumvi?"

"Mimi."

"Na nani?"

"Mimi tu, dada."

"Ile si chumvi ya mkono mmoja. Wewe mkate unaujua, huwezi kukosea hivyo hata usingizini."

"Nilikuwa nimefunga. Sikuonja."

"Wote mlifunga. Wote hamkuonja. Na kila mmoja akatia, kwa sababu mmoja wenu hakumbuki na mwingine anamfichia." Mwenyekiti aliiweka sahani chini. "Mama yetu alianza na chumvi. Akaja kwenye moto, anauwasha, anausahau. Akaja kwenye mlango, anatoka kwenda kumtafuta mama yake, marehemu wa zamani. Mwisho akanisahau mimi. Namnawisha uso asubuhi, ananiambia, asante binti, nani amekutuma?"

Maji yalikuwa yakimwagika bure. Mama Mikate alifunga bomba.

"Na Matofali?"

"Matofali alikuwa kazini. Nikimwita, tanuri la mtu halijakauka. Nikimwita tena, mvua. Mimi nilibadilisha mashuka miaka, yeye alikuja siku ya mazishi akalia kuliko watu wote." Alisema bila hasira, kama mtu anayesoma bei. "Unadhani nakuchukia. Sikuchukii hata kidogo. Mimi nimeubeba mzigo huu, naujua uzito wake. Yeye haujui, na wewe unataka kumtwika usiku akiwa amelala."

"Nitamwambia."

"Lini? Baada ya pete?"

Ndivyo hasa Mama Mikate alivyokuwa amepanga.

"Mwambie kabla ya ibada ya Jumapili. Achague huku anaona. Mchungaji atauliza kama kuna mwenye pingamizi, sivyo? Kama hujamwambia, nitasimama mimi."

"Mbele ya watu wote? Mbele ya Mama mwenyewe?"

"Mbele ya Mungu," alisema Mwenyekiti, akachukua sahani nyingine.

* * *

Jumamosi Matofali aliwaita wote wawili kuona chumba. Alikuwa amekiongeza nyumbani kwake kwa ajili ya Bi Mkubwa, kwa mikono yake, na alikuwa na furaha ya mtoto aliyefaulu. Alionyesha kizingiti alichokishusha ili mzee asijikwae. Alionyesha dirisha linalotazama mahali atakapojenga tanuri jipya.

"Akiwa kitandani anaona kazi inavyokwenda," alisema. "Anaweza kutukemea bila kuamka."

"Nitakukemea nikiwa nimesimama," alisema Bi Mkubwa. "Plasta ya kona ile umeipiga ukiwa na haraka. Ulikuwa unakimbilia wapi?"

Matofali akacheka mpaka akashika ukuta. Siku ile akili ya Bi Mkubwa ilikuwa kali kama wembe. Alikumbuka bei ya saruji, alikumbuka jina la mbwa wa jirani wa zamani, alimkumbusha Matofali ufa uliomchukua wiki. Mama Mikate alimsikiliza, na tumaini baya likaanza kumpanda. Huenda ni uchovu tu. Huenda mfungo umejibiwa. Huenda hakuna cha kusema.

Bi Mkubwa alitoka nje kuangalia uwanja. Wakabaki wawili katika chumba kinachonuka chokaa mbichi, na Matofali akamshika mkono, mkono wake mkavu wa udongo juu ya mkono wake laini wa unga.

"Umenyamaza sana tangu jana. Ni kwa sababu nilikutania? Ulimi wangu huu, utanizoea."

"Si hilo."

"Dada amekuambia kitu?"

"Hapana." Hata hakufikiri. Neno lilitoka lenyewe.

"Basi nini? Sema tu. Kama chumba ni kidogo nabomoa."

Mama Mikate alifungua mdomo. Alitaka kusema, Mama anasahau, siku moja atatoka na kupotea, siku moja hatanijua mimi wala wewe. Alimwona Matofali akimtazama kwa uso ule uliokuwa wazi kabisa, akawaza uso huo ukifungwa. Akatazama pembeni, macho yakaangukia mlango.

"Mlango uwekewe komeo," alisema. "Kwa nje."

"Kwa nje? Unamfungia nani?"

"Kuku."

"Hatuna kuku."

"Tutanunua."

Matofali alimtazama, akatazama mlango, akajikuna nyusi, vumbi likamdondoka. "Sawa," alisema polepole. "Kuku ndani ya chumba cha mama. Sawa." Alitaka kucheka lakini kicheko hakikuja. Bi Mkubwa akawaita kutoka nje, wakatoka, na nafasi ikawa imepita.

Njiani kurudi nyumbani Mama Mikate alijichukia. Alimsikia Bi Mkubwa kando yake akisifu kizingiti, akimsifu fundi, akisema Mungu hakuwasahau. Alijua kwamba amepewa mlango wazi na muda wa kutosha, na amezungumza habari za kuku.

* * *

Jumapili waliketi mbele, Bi Mkubwa upande wa njia, Mama Mikate ubavuni mwake. Matofali alikuwa kwenye kwaya, joho limembana mabegani. Mwenyekiti aliketi benchi la nyuma yao, na kabla ya wimbo wa kwanza aliinama na kuuliza swali moja tu sikioni mwa Mama Mikate.

"Umemwambia?"

Mama Mikate alitikisa kichwa. Mwenyekiti alijiegemeza nyuma, na benchi likalia.

Mama Mikate hakusikia mahubiri. Alisikia viatu vya Mwenyekiti vikisogea sakafuni, alisikia mkoba wake ukifunguliwa na kufungwa. Mara mbili alitaka kuinuka amfuate Matofali kwenye kwaya amwambie pale pale, na mara mbili akaishia kufungua kitabu cha nyimbo. Alijaribu kuomba. Hakupata la kuomba, kwa sababu kila alilotaka lilihitaji mtu mmoja asijue jambo fulani.

"Tangazo la ndoa, mara ya kwanza," alisema mchungaji. Alisoma majina yao ya ubatizo, ambayo hakuna aliyeyatumia, na watu wakatabasamu kama wamewafumania. "Kama kuna mtu mwenye pingamizi la haki, na aseme."

Benchi likalia. Mama Mikate alifumba macho. Sauti ilikuja, lakini haikutoka nyuma. Ilitoka ubavuni mwake.

"Mimi."

Bi Mkubwa alikuwa amesimama wima, mkono mmoja umeshika mgongo wa benchi la mbele.

"Mchungaji, mimi ninalo pingamizi. Huyu ana mume."

Kuna aliyecheka, akakatiza. Mchungaji alivua miwani.

"Bi Mkubwa..."

"Mume wake ni mwanangu. Amekwenda kuchukua unga, anarudi sasa hivi. Mnaozesha mke wa mtu mchana kweupe, ndani ya kanisa! Hamna haya?"

"Mama," Mama Mikate alimvuta nguo, machozi yameshamtoka. "Mama, kaa. Nakuomba."

"Sikai! Na wewe! Nimekupokea kama binti wa tumbo langu, leo unamvunjia mwanangu nyumba akiwa njiani?"

Aibu za wiki nzima, kapu lililorudi, kicheko cha ukumbini, zote zilikuwa nyepesi mbele ya hii. Mama Mikate alikuwa akilaumiwa na mtu anayempenda, na hakuweza kujitetea bila kumwambia, Mama, mwanao amekufa, tulimzika wote wawili, wewe ndiye uliyenishika nisianguke. Hakuweza kumwua mara ya pili mbele ya watu. Basi akalia tu.

Matofali alikuwa ameshuka kutoka kwenye kwaya. Alikuja kwa njia ya katikati, joho likimkwaza, akasimama mbele ya benchi lao. Alimtazama Mama Mikate, mara moja tu, na Mama Mikate aliona kila kitu kikimfikia: chumvi, komeo, kuku. Aliinamisha uso akingoja aseme lolote analotaka. Lakini Matofali hakusema naye.

"Mama," alimwambia Bi Mkubwa, "una haki. Mwanao akirudi, nitampisha."

"Utampisha?"

"Siku atakayoingia mlangoni, mimi natoka. Nasema mbele ya kanisa hili."

Bi Mkubwa alimpima kuanzia viatu mpaka nyusi. "Na mpaka atakaporudi?"

"Mpaka atakaporudi, nakuomba nikae nanyi. Si vizuri mkae peke yenu."

Bi Mkubwa alifikiri. Mkono wake ulilegea kwenye benchi, na sauti yake iliporudi ilikuwa ya mwenye nyumba.

"Una adabu," alisema. "Mwanangu atakupenda. Sogea, mwanangu, mgeni akae."

Mama Mikate alisogea, na wote wawili wakaketi, mzee na fundi. Mchungaji alivaa miwani, akaivua tena, akauliza kwa sauti isiyo imara kama kuna pingamizi jingine. Nyuma yao mtu akasimama. Mama Mikate hakugeuka, alijua viatu vile.

"Hakuna," alisema Mwenyekiti. "Endelea, Mchungaji." Akaketi.

Mchungaji, ambaye hakujua aendelee na nini, aliwaomba watu wainamishe vichwa kwa maombi ya kimya. Vichwa vikainama. Matofali alinong'ona, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alifaulu kunong'ona.

"Ungeniambia."

"Niliogopa utaondoka."

Matofali aliitazama mikono yake mikubwa juu ya magoti.

"Nilishaondoka mara moja," alisema. "Kwa mama yangu mwenyewe. Alikuwa akiniulizia kila asubuhi, nami nikisema tanuri halijakauka. Alipokufa hakuwa akiniulizia tena, alishanisahau." Akavuta pumzi. "Safari hii nataka niwepo. Hata akinifukuza kila siku. Wewe usinifichie tu."

Mama Mikate alimshika kidole kimoja tu, na kwikwi ikamtoka kwa sauti kuliko alivyotaka. Bi Mkubwa alifumbua jicho moja, akawatazama wote wawili kwa ukali.

"Nyamazeni," alisema. "Watu wanaomba."